Bunge, Jeshi na Kura ya Idhini: Maswali Tunayoulizwa Sana Mombasa

Ukurasa huu umezaliwa barazani. Usiku wa tarehe 26 Juni 2024 tulikuwa Mji wa Kale, simu imeegemezwa kwenye dele la kahawa, tunatazama habari za Bunge la Taifa kuidhinisha wanajeshi wasaidie polisi mitaani. Siku moja kabla, waandamanaji walikuwa wameingia ndani ya jengo lenyewe la Bunge kule Nairobi, na Mombasa nayo iliandamana. Mzee mmoja, ambaye kwa kawaida huja kwa ajili ya bao tu, akauliza: "Sasa hawa wabunge wanaombwa, au wanaarifiwa?" Hakuna aliyemjibu vizuri. Tangu siku hiyo maswali hayajakatika, mengine ana kwa ana, mengine kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Tumeyakusanya hapa. Sisi si mawakili wala wanajeshi. Tumesoma Katiba, tumesoma Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge, na tumebishana sana.

Kwani Rais si Amiri Jeshi Mkuu? Anamwomba nani ruhusa?

Ndiye, kwa Kifungu cha 131. Ndiye pia mwenyekiti wa Baraza la Usalama wa Taifa. Lakini Katiba ya 2010 haikumpa ufunguo wa milango yote. Ukiisoma polepole utaona njia tano za jeshi kutoka kambini.

Ya kwanza ni kulinda nchi na mipaka yake, Kifungu cha 241(3)(a). Hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya jeshi na haingoji kura. Ya pili ni kutangaza vita: Rais hutangaza kwa idhini ya Bunge, Kifungu cha 132(4). Ya tatu ni kupeleka wanajeshi nje ya nchi kwa shughuli za kulinda amani: Baraza la Usalama huamua, Bunge huidhinisha, Kifungu cha 240(8). Ya nne ni kurudisha amani ndani ya Kenya palipo na ghasia, 241(3)(c), na hapo neno la Katiba ni kwamba jeshi litapelekwa kwa idhini ya Bunge la Taifa *pekee*, yaani bila idhini hiyo haliendi. Ya tano ni kusaidia wakati wa dharura au maafa, kama mafuriko, 241(3)(b). Hapo jeshi huenda kwanza, halafu Bunge la Taifa hupewa ripoti.

Ukizishika hizo tano, maswali mengi ya hapa chini utayajibu mwenyewe.

Mbona mnaing'ang'ania sana tofauti ya (b) na (c)? Si herufi tu?

Herufi hiyo ndiyo kesi yenyewe. Chini ya (c), serikali inaomba. Chini ya (b), inaarifu. Mzee wetu wa bao aliigusa bila kuifungua Katiba.

Tazama Juni 2024 kwa karibu. Tarehe 25, siku ile ile Bunge lilipovamiwa, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alichapisha ilani katika Gazeti Rasmi ya kuleta jeshi liwasaidie polisi. Ilani ilitaja aya ya (b), ile ya dharura, na ikazungumzia maandamano yenye fujo katika sehemu mbalimbali za nchi. Haikusema mji gani wala mpaka lini. Tarehe 26 Bunge la Taifa likapewa hoja, likaijadili, likaidhinisha. Tarehe 27 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Chama cha Mawakili, alikubali jeshi liendelee kulinda majengo na miundombinu muhimu, lakini akaitaka serikali ieleze mipaka ya kazi hiyo na muda wake.

Sasa jiulize. Ikiwa ni dharura, mbona Bunge liliombwa idhini? Na ikiwa ni ghasia zinazohitaji idhini, mbona wanajeshi waliitwa jana yake? Kijana akirusha jiwe Barabara ya Moi, hilo ni maafa kama mafuriko, au ni ghasia? Mimi naona ni ghasia, na naona aya ya (c) iliandikwa kwa ajili ya siku kama ile. Wapo mawakili wanaoona vingine, na hoja yao si ya kipuuzi: moto ukiwaka Bungeni kwenyewe, Bunge litakutana wapi kukuruhusu uuzime? Lakini aliyeandika "pekee" hakuandika kwa bahati mbaya.

Wabunge wangapi wanahitajika kupitisha idhini ya kuleta jeshi mitaani?

Swali hili huwashtua watu, na mimi lilinishtua nilipolihesabu.

Bunge la Taifa lina wabunge 349, Spika mbali: 290 wa maeneo bunge, 47 wanawake wa kaunti, 12 wa kuteuliwa. Akidi, yaani idadi ya chini ya kufanya kikao, ni 50, Kifungu cha 121. Na pale Katiba isipotaja idadi maalumu, uamuzi ni wa wengi kati ya waliopo na wanaopiga kura, Kifungu cha 122. Aya ya (c) haikutaja idadi maalumu. Kwa hivyo kikao cha wabunge 50, huku 26 wakisema ndiyo, kinatosha kisheria kuleta jeshi Likoni au Lodwar.

Linganisha na hali ya hatari ya Kifungu cha 58. Rais akiitangaza, inadumu siku 14 tu. Kuirefusha mara ya kwanza kunataka thuluthi mbili ya wabunge *wote*, yaani 233. Mara ya pili na kuendelea ni robo tatu, yaani 262, na kila nyongeza isizidi miezi miwili. Mahakama ya Juu nayo inaweza kuamua kama tangazo ni halali.

Basi mtawala mwenye akili atachagua njia gani? Hali ya hatari ina kufuli tatu. Aya ya (c) ina komeo moja, na (b) imerudishiwa tu. Tangu Katiba hii ianze, serikali imekuwa ikielekea huko kwenye komeo na mlango uliorudishiwa, na sidhani ni kwa kusahau.

Somalia je? Bunge lilipiga kura lini?

Hapa lazima nianze kwa kukiri. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nawaambia watu barazani kwamba Bunge liliidhinisha kwanza, ndipo jeshi likavuka mpaka. Binti mmoja wa chuo akanionyesha tarehe kwenye simu yake, mbele ya watu. Nilinunua kahawa ya wote siku hiyo.

Ilikuwa hivi. Tarehe 11 Septemba 2011 watalii wawili Waingereza walivamiwa Kiwayu, kaskazini mwa Lamu. Mume akauawa, mke akatekwa. Tarehe 1 Oktoba Mfaransa mmoja mwenye ulemavu akatekwa kisiwani Manda, naye akafia mikononi mwa watekaji. Tarehe 13 Oktoba wafanyakazi wawili wa misaada, Wahispania, wakatekwa Dadaab. Pwani nzima ilitetemeka. Hoteli za Lamu zilibaki na wahudumu na paka. Siku mbili baadaye mawaziri George Saitoti na Yusuf Haji wakatangaza kwamba Kenya ingewafuata al-Shabaab huko huko waliko. Tarehe 16 Oktoba jeshi likavuka mpaka. Operesheni iliitwa Linda Nchi.

Serikali haikutangaza vita, kwa hivyo haikuomba idhini ya vita. Haikuwa shughuli ya kulinda amani, kwa hivyo haikupita mlango wa 240(8). Ilisema ni kujilinda, ikashika Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Bunge liliidhinisha Desemba 2011, na lilichoidhinisha ni wanajeshi hao hao, waliokwisha kuwa ndani ya Somalia, kuingia chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapandisha idadi ya kikosi hicho kutoka 12,000 hadi 17,731 ili Wakenya nao wahesabiwe. Kismayu iliangukia mikononi mwao mwishoni mwa Septemba 2012, na meli za jeshi letu la majini zilikuwamo.

AMISOM yenyewe ilifungwa tarehe 31 Machi 2022. Ikaja ATMIS, kisha AUSSOM, vikosi vingine vya Umoja wa Afrika. Mtoto aliyezaliwa wiki ya Linda Nchi yuko sekondari sasa. Kura isiyo na tarehe ya mwisho huzeeka hivyo.

Kongo nako?

Fupi: tarehe 2 Novemba 2022 Rais William Ruto aliwakabidhi wanajeshi bendera Embakasi, mbele ya kamera. Tarehe 9 Novemba Bunge la Taifa likaidhinisha wanajeshi 903 waende. Siku chache baadaye walikuwa Goma. Serikali inaweza kusema hakuna wa kikosi hicho aliyekanyaga Kongo kabla ya kura. Lakini mbunge gani atasimama kumwambia Amiri Jeshi Mkuu arudishe bendera?

Na Haiti? Hao si walikuwa polisi?

Ndiyo, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Oktoba 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikubali kikosi cha kimataifa kikiongozwa na Kenya, Kenya ikiahidi polisi 1,000. Tarehe 16 Novemba Bunge la Taifa likaidhinisha. Watu wakadhani yameisha. Tarehe 26 Januari 2024 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba mamlaka ya Kifungu cha 240(8) ni ya kupeleka jeshi, polisi hawamo. Polisi wana sheria yao, nayo inataka kuwe na mapatano ya kusaidiana kati ya nchi mbili. Kenya na Haiti zikatia saini mapatano tarehe 1 Machi.

Kundi la kwanza la polisi 400 liliwasili Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Itazame tena hiyo tarehe. Siku polisi wetu wanatua Haiti kurudisha utulivu, nyumbani jeshi linaitwa kuwasaidia polisi. Hatuna la kuongeza hapo.

La kushika ni kwamba kura ya Bunge haisafishi kila kitu. Wabunge wakiidhinisha kwa kifungu kisicho chake, idhini hiyo ni karatasi.

Bonde la Ufa, 2023?

Februari mwaka huo jeshi lilipelekwa kaunti sita zenye wizi wa mifugo wa kutumia silaha: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Ilani ilitangulia, Bunge la Taifa likaidhinisha baada yake, mwezi huo huo. Angalau kaunti zilitajwa kwa majina, na kwa hilo ile ya 2023 ilikuwa bora kuliko ya 2024.

Lakini mwizi hapigiwi hodi. Ukijadili Bungeni si adui anasikia?

Hoja hii tunaipata kila wiki, hasa kutoka kwa wastaafu wa jeshi, na tunaiheshimu. Hakuna anayetaka ramani ya operesheni isomwe mbele ya televisheni. Lakini Bunge haliombwi kupanga shambulizi. Linaombwa kujibu mambo manne: tunakwenda kufanya nini, wapi, kwa muda gani, na nani atatuletea habari. Hayo yanaweza kusemwa bila kumwambia adui utapita njia ipi. Ya siri yana kamati yake ya ulinzi, na milango ya kamati inafungika.

Ujerumani wanafanya hivi. Mwaka 1994 mahakama yao ya katiba iliamua kwamba jeshi haliendi kwenye operesheni ya silaha nje bila kura ya Bunge, na mwaka 2005 wakatunga sheria nzima ya jambo hilo. Kwa kawaida idhini inataja idadi ya juu ya wanajeshi na hudumu kama mwaka mmoja. Ukiisha, serikali inarudi kuomba tena. Sheria hiyo inaruhusu dharura kutangulia kura, kwa mfano kuokoa watu waliotekwa, lakini kura lazima ije mara moja, na Bunge linaweza kuwaita wanajeshi nyumbani. Sijasikia kwamba Ujerumani imetekwa kwa sababu hiyo.

Marekani wao hufanyaje, na sisi watu wa Pwani yatuhusu nini?

Yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Manda iko hapo juu tu.

Katiba yao inaipa Kongresi uwezo wa kutangaza vita, na Rais ndiye kamanda. Kwa miaka mingi hawatangazi vita. Wanapitisha idhini ya kutumia nguvu za kijeshi. Tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Seneti yao ilipiga kura 98 kwa 0, na Baraza la Wawakilishi 420 kwa 1. Huyo mmoja alikuwa Barbara Lee wa California. Hofu yake ilikuwa kwamba maandishi yale yalikuwa mapana mno, yanampa Rais hundi isiyoandikwa kiasi. Alitukanwa, akatishiwa maisha, akapewa walinzi.

Sheria yenyewe ni fupi. Sentensi yake kuu ina takriban maneno 60. Inaruhusu nguvu dhidi ya waliopanga au kusaidia mashambulizi ya tarehe 11 Septemba na waliowahifadhi. Al-Shabaab haimo, wala isingeweza kuwamo, maana kundi hilo lilikuja kujulikana miaka kama mitano baadaye. Ila Novemba 2016 serikali ya Barack Obama ikatamka kwamba al-Shabaab ni washirika wa al-Qaeda na kwa hivyo wanaingia ndani ya kura ile ya 2001. Hakuna kura mpya iliyopigwa. Tarehe 5 Januari 2020, alfajiri, al-Shabaab walivamia kambi ya Manda Bay, Lamu, waliyokuwamo wanajeshi wa Marekani, Wamarekani watatu wakafa, ndege zikateketea. Mvuvi wa Lamu aliyeona moshi ule alikuwa anatazama mkia wa kura iliyopigwa Washington miaka 18 nyuma.

Wana pia sheria ya 1973, iliyopitishwa kwa kuishinda kura ya turufu ya Richard Nixon, wakati wa machungu ya Vietnam. Rais akituma jeshi vitani lazima aiarifu Kongresi ndani ya saa 48, na asipopata idhini, aliondoe baada ya siku 60, na siku 30 zaidi za kufungasha. Nzuri kwa karatasi. Mwaka 2011 mabomu ya Libya yalipita siku 60, na serikali ikajitetea kwamba kile kilichokuwa kikiendelea hakikuwa "uhasama" kwa maana ya sheria. Watu wa Tripoli hawakuulizwa wao wangekiitaje.

Kuna Bunge lolote lililowahi kusema hapana, na serikali ikatii?

Lipo. Tarehe 29 Agosti 2013 Bunge la Uingereza lilikataa hoja ya serikali ya David Cameron kuhusu kuishambulia Syria, kura 285 kwa 272. Cameron akasimama papo hapo akasema ameelewa. Cha ajabu ni kwamba Uingereza haina sheria inayomlazimisha waziri mkuu kuomba kura hiyo. Ni desturi, iliyopata nguvu tangu mjadala wa Iraq wa Machi 2003, uliopita 412 kwa 149. Sisi tuna sheria bila desturi.

Jirani zetu wana nini?

Uganda: Rais hutangaza vita kwa idhini ya thuluthi mbili ya wabunge wote, ikishindikana kuwangoja, anatangaza kisha anawaendea ndani ya saa 72. Hata hivyo Desemba 2013 jeshi lao liliingia Sudan Kusini, na Bunge likaridhia Januari 2014. Tanzania: Rais ana uwezo wa kutangaza hali ya vita, kisha Bunge huitishwa ndani ya siku 14 lijadili kama linaunga mkono. Afrika Mashariki yote, kwa ufupi, imezoea kuandaliwa chakula kikiwa kimeshapakuliwa.

Kabla ya 2010 ilikuwaje?

Sheria ya zamani ya majeshi iliruhusu jeshi kusaidia mamlaka ya kiraia kulinda utulivu, basi. Katiba ya zamani haikuwa na neno "pekee". Ndugu zetu wa Kaskazini Mashariki waliishi chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963, na sheria zake kali zikabaki hadi 1991. Pwani nasi tuna 1997. Kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo na polisi wakauawa, msako uliofuata uliwapita wenye hatia na wasio na hatia kwa pamoja. Mama mmoja wa mtaa wetu bado huita miezi ile "wakati wa kulala na viatu". Ukiwauliza watu wa umri wake kwa nini neno moja la Katiba lina thamani, hawakutajii Katiba. Wanakutajia msitu, na jina la kijana ambaye hakurudi.

Mume wangu ni mwanajeshi, kambi ya Mtongwe. Bunge likipitisha hoja, nitajuaje kama yumo?

Dada, hutajua kwa njia ya Bunge. Hoja haitaji mtu, na mara nyingi haitaji hata kikosi. Utakachoweza kujua ni shughuli gani, nchi gani, na kama umetajwa muda. Kama muda haukutajwa, hilo ndilo la kumuuliza mbunge wako wa Likoni, na una haki ya kumuuliza kwa barua. Ya ndani ya kambi mwachie yeye mwenyewe akwambie anachoruhusiwa. Usiyaandike kwenye mtandao, tafadhali.

Meli za jeshi la majini zinapofukuza maharamia, Bunge hupiga kura?

Hapana. Kulinda bahari yetu ni aya ya (a). Na usiwachanganye na walinzi wa pwani, waliozinduliwa Novemba 2018. Hao ni idara nyingine, si KDF, yaani jeshi la ulinzi.

Wanajeshi wa kigeni kukaa Kenya kunataka kura?

Kifungu cha 240(8)(b) kinasema Baraza la Usalama wa Taifa huidhinisha majeshi ya kigeni kuwekwa Kenya, kwa idhini ya Bunge. Mikataba ya ulinzi, kama ule wa Uingereza, hupelekwa Bungeni. Watu wengi hulala mjadala huo unapofika, kwa sababu huja kwa jina la "kuridhia mkataba" na kurasa nyingi. Ni wakati wa kuamka.

Seneti ina sauti?

Kwa ghasia za ndani, hapana. Katiba imetaja Bunge la Taifa. Kwa vita na shughuli za nje imetaja "Bunge", neno ambalo katika Katiba yetu ni mabunge yote mawili. Lakini Kifungu cha 95(6) kinasema Bunge la Taifa ndilo huidhinisha tangazo la vita. Kenya haijatangaza vita rasmi chini ya Katiba hii, kwa hivyo mgongano huo haujapimwa.

Nitajuaje mbunge wangu alisema nini?

Soma Hansadi, inawekwa kwenye tovuti ya Bunge. Mombasa tuna wabunge sita, wa Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, na mwakilishi wa wanawake. Tafuta jina lake siku ya mjadala. Ukimkuta amesema "naafiki" na kushukuru jeshi letu shupavu, umepata nusu. Utafute nusu nyingine: aliuliza muda? Aliuliza kifungu? Kama alizungumza Kiswahili, lazima aliendelea nacho mpaka mwisho, ndivyo Kanuni za Kudumu zinavyotaka, na utaona jinsi hoja dhaifu inavyokosa pa kujificha ikisemwa kwa lugha ya nyumbani.

Tatizo ni kura ya sauti. Spika husikiliza ndiyo na la, akaamua zipi zimezidi, na Hansadi haiandiki nani alinguruma upi. Majina hupatikana wabunge wakidai wahesabiwe mmoja mmoja. Mbunge wako akikwambia alipinga, mwulize kama alisimama kudai hesabu hiyo.

Ninaweza kwenda kortini hapa hapa Mombasa?

Unaweza. Kifungu cha 258 kinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani akidai Katiba imevunjwa au iko hatarini, na Mahakama Kuu iko hapa pia. Kuna njia nafuu zaidi: Kifungu cha 119, ombi kwa Bunge, bila wakili. Andika ukitaja hoja, tarehe na unachotaka kifanyike. Mwanafunzi mmoja tuliyemsaidia aliandika kurasa kumi na moja juu ya ubeberu. Tukazipunguza zikawa mbili, na swali moja: wanajeshi wanarudi kambini tarehe gani?

Mnaweza kuja mtaani kwetu kutusomea?

Tunakuja, Jumamosi baada ya Isha, ng'ambo yoyote mradi feri inakwenda. Tupatieni viti na kahawa. Na mje na ilani ya Gazeti Rasmi yenyewe, kurasa zote. Mara ya mwisho, huko Likoni, tulibishana saa nzima juu ya picha ya simu iliyokatwa pembeni, na sehemu iliyokatwa ndiyo iliyokuwa na ile herufi.